Mwaka wa Lori la Kizimbani

Riziki alinijia Jumatatu iliyopita bila ya taarifa. Nilikuwa nimekaa mlangoni pa jiko, hapa kwangu Michenzani ghorofa ya nne, nachagua mawe kwenye mchele, nikasikia mtu anapanda ngazi kwa vituo: anapanda, anapumua, na kila akipumua anailaani ngazi inayofuata. Sauti ile niliijua kabla ya kuuona uso. Tulikuwa hatujaonana tangu alipoolewa akahamia Tanga, na hiyo ni zaidi ya miaka arubaini. Aliingia, akavua viatu, akanitazama juu mpaka chini wala hakunisalimu. Alinishika mkono, akaunusa. "Dizeli imeshatoka," akasema. Ndipo tulipokumbatiana, tukacheka, tukalia kidogo, tukacheka tena, mpaka mjukuu wangu akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Nikamwambia huyu ni fundi mwenzangu. "Fundi wa cherehani, bibi?" akauliza. Riziki akajibu, "Wa malori, mwanangu. Bibi yako akifungua injini na kuifunga, na mie nikimshikia spana." Mtoto akatutazama, vizee wawili wenye magoti mabovu, akacheka kwa adabu kama mtu anayeambiwa hadithi. Riziki alikaa kwangu siku tatu, na siku zote tatu tulizungumza mwaka mmoja tu. Alipoondoka alinishika bega akasema, "Yaandike, Mwatima, maana mie nkisimulia hawanisadiki." Basi nayaandika.

Habari za kwetu na za udogo wangu nimeziacha, hazina tofauti na za wengi. Nitaanzia nilipokuwa na miaka kumi na tisa, katika ile miaka ya baada ya Mapinduzi, majumba haya ya Michenzani yalipokuwa yanaanza kuinuka na mji mzima unanuka saruji. Serikali ilitaka wasichana nao wajifunze kazi za mikono. Shuleni kwetu majina mengi yaliandikwa kwenda karakana ya magari, na majina mengi yakafutwa na wazazi wiki ile ile. Mwisho tukabaki wawili, mimi na Riziki, ambaye hatukuwa hata tukisalimiana naye. Karakana ilikuwa upande wa Malindi, karibu na bandari, na kwa kuwa sote kwetu mbali tulitafutiwa chumba kimoja katika nyumba ya Bi Mize, mjane aliyekaa kwenye kichochoro ambacho watu wawili wanene hawapishani. Chumba kilikuwa juu, chenye kuta nene kama urefu wa mkono, boriti nyeusi za dari, na dirisha moja lililoelekeana na dirisha la jirani kwa karibu kiasi ambacho ungeweza kuazima chumvi bila ya kushuka. Tulilala kitanda kimoja cha kamba, kichwa huku na kichwa kule. Asubuhi tulivaa ovaroli, juu yake buibui, tukapita mitaani kama wanawake wengine wote wanaokwenda sokoni, isipokuwa kwamba chini ya buibui vilionekana viatu vya ngozi vya kiume, na vya Riziki vikilia kwi, kwi, kwi kwenye mawe.

Dirisha lile ndilo lililotufunza yale watu waliyokuwa wakiyasema. Ng'ambo walikaa dada wawili watu wazima, na jioni, wakikuna nazi, walizungumza habari zetu kama vile ukuta haupo. "Umeiona mikono yao?" alisema mmoja. "Kama imetoka kwenye mkaa. Nani ataposa mikono kama ile?" Mwenzake akajibu, "Posa gani tena, na wao wameshavaa suruali? Watapeleka posa wao." Riziki alijifukia uso kwenye mto ili kicheko kisisikike. Lakini Bi Mize alikuwa amesikia. Alipanda ngazi taratibu na sahani ya muhogo wa nazi, akaiweka kitandani, akatoa kichwa dirishani. "Jamani, jirani zangu," akasema kwa upole, "ile pampu ya maji iliyoharibika hapo chini kwenu, mkiona mume yeyote wa kuitengeneza hajatokea, nambieni. Mie n'nao wawili humu ndani." Wiki ya pili pampu ilikuwa inafanya kazi, na kutoka dirisha lile tukaanza kupokea mkate wa kumimina wa moto, sahani ikitembezwa juu ya kichochoro kwa mkono ulionyooshwa. Kila tukirudi kazini Bi Mize alitukalisha ukumbini, akatusugua mikono kwa majivu na ndimu, kisha mafuta ya nazi, huku akitulazimisha tuseme tulichojifunza siku ile. Hakuelewa hata nusu yake. "Silinda nini?" aliuliza kila siku, na kila siku tulimweleza upya.

Aliyetupokea karakana alikuwa Fundi Makame, Mtumbatu aliyepita makamo, mwembamba, mwenye shingo ndefu na sauti ya chini. Ujana wake aliutumia melini akihudumia injini, na hata nchi kavu alitembea miguu imeachana kidogo, kama sakafu inaweza kuinama wakati wowote. Hakusoma sana, lakini hapakuwa na injini ya dizeli Unguja nzima ambayo hakuwahi kuisikiliza. Nasema kusikiliza kwa sababu ndivyo alivyofanya: aliweka ncha ya bisibisi kwenye bloku, mpini sikioni, akafumba macho, kisha akataja ugonjwa. Spana hakuzitazama. Alitia mkono kwenye sanduku, akapapasa, akatoa ile ile anayoitaka, na mafundi wengine wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Siku ya kwanza tulipomwamkia, "Shikamoo Fundi," aliitikia marahaba, akatuuliza majina, akasema, "Hapa hapana mwanamume wala mwanamke. Pana anayefuta spana baada ya kazi na asiyefuta." Basi tulifuta. Ilikuwa ada yake kutuambia tumsomee vitu: namba kwenye nozeli inayorusha mafuta, maandishi kwenye boksi la vipuri, karatasi iliyotoka kwa msimamizi. "Hebu nsomee hapo, binti, mikono yangu ina mafuta." Mikono yake ilikuwa na mafuta kweli, kwa hivyo hatukufikiri kitu.

Yeye ndiye aliyetufunza taimingi. Siku hizi vijana wananambia injini nyingi zina mkanda wa mpira, na ukiubadilisha lazima uiweke taimingi sawa, ama utaiua injini siku hiyo hiyo. Zetu zilikuwa na mnyororo wa chuma, lakini kazi ni ile ile. Fundi Makame alitueleza mchana mmoja wakati wa chakula, boflo mkononi, maharage ya nazi kwenye kibakuli, tumekaa juu ya magurudumu mabovu. "Injini ya dizeli haina plagi ya kuiwasha moto," alisema. "Pistoni inapanda, inaibana hewa mpaka inakuwa moto wenyewe. Wakati ule ule, si kabla wala si baada, pampu irushe mafuta. Ikirusha mapema, injini inagonga kama mtu anavunja nazi ndani. Ikichelewa, gari inatoa moshi na haina nguvu. Mnyororo ndio unaoipa pampu habari kwamba pistoni imefika." Akatuonyesha gia tatu kwenye injini iliyofunguliwa: ya chini inayozungushwa na pistoni, ya vali, na ya pampu, kila moja na alama yake ndogo. Alama zikikaa mahali pake, mnyororo unafungwa. Jino moja tu likiruka, kazi yote bure. Riziki alimuuliza jino moja ni kiasi gani. Fundi Makame alimega boflo, akatupa chembe mdomoni. "Kiasi hicho," akasema.

Msimu wa karafuu ulikuwa mkubwa mwaka ule. Malori yote yalitakiwa yawe barabarani, kupeleka wachumaji mashamba na kurudisha magunia, na lori lililokuwa likienda Kizimbani likaletwa kwetu mnyororo umelegea mpaka unapiga kifuniko. Tulilifanyia kazi siku mbili. Mimi na Riziki tulifungua mbele, tukatoa rejeta, tukaosha kila kitu kwa mafuta ya taa. Fundi Makame mwenyewe akaweka mnyororo mpya na kuzipanga alama, na sisi tukamshikia tu. Likawaka. Halikuwaka vizuri, lilikohoa kidogo na kutoa moshi, lakini alisema likipata moto litatulia. Dereva wake, Sudi, kijana mcheshi aliyekuwa akivaa kofia ya kiua upande, akaliondoa akitupungia mkono.

Siku ya tatu Sudi alirudi na lori lake, miguu imejaa vumbi na kofia mkononi. Alisimama katikati ya karakana akasimulia kwa sauti ili kila mtu asikie. Kwenye kilima kabla ya kufika Kizimbani lori lilikuwa limekataa. Wanawake thelathini wachumaji, na makanda yao, walilazimika kushuka na kupanda kwa miguu, nalo likiwafuata nyuma kwa mwendo wa konokono, moshi mzito kama jiko la kuni mbichi. "Na si kushuka tu," alisema Sudi. "Walinitungia wimbo. Wameuimba kwenda na kurudi, na leo asubuhi nimesikia watoto wanauimba Darajani." Watu wakaangua kicheko, lakini Bwana Ramadhani, msimamizi wa karakana, hakucheka. Alikuwa mtu mnene, msafi, asiye mbaya, ila alikuwa na wakubwa juu yake na kila siku waliuliza magari mangapi yako njiani. Fundi Makame akasema mnyororo mpya, kosa liko kwenye pampu. Pampu ikafunguliwa, ikapimwa, ikaonekana nzima. Ikarudishwa kwa alama ile ile, na lori likabaki vile vile. Ndipo sauti moja nyuma yangu ikasema, "Si wale wasichana ndio walioushika mnyororo?" Sikumjua aliyesema, na mpaka leo simjui. Bwana Ramadhani akatugeukia, akatutazama kwa masikitiko zaidi kuliko hasira. "Kuanzia Jumatatu mtakaa ghalani," akasema. "Mtapanga vipuri. Kazi ya injini tumeiharakisha mno kwenu." Nilimtazama Fundi Makame nikingoja aseme kitu. Alikuwa anafuta spana iliyokwisha kufutwa.

Kimya kile kiliniuma kuliko ghala. Nyumbani, Bi Mize alipouliza silinda nini, Riziki akatokwa na machozi. Bi Mize akatusikiliza mpaka mwisho, mikono yetu ndani ya yake. "Nyinyi mliushika mnyororo?" akauliza. Tukasema tuliushika tu, hatukuupanga. "Na mnajua kuupanga?" Nilifikiri kidogo nikasema ndiyo, nadhani. "Basi leo Ijumaa," akasema. "Kesho bado hamjawa watu wa ghala." Akatupakulia wali na mchuzi wa pweza, mwingi kuliko siku zote, na sisi tukala kama watu wanaojiandaa kwa safari.

Asubuhi yake tulifika karakana jua linachomoza, mlinzi anapiga mswaki. Tulitoa rejeta, tukafungua kifuniko cha mbele, tukaizungusha injini kwa spana kubwa mpaka gia za pistoni na vali zikakaa kwenye alama zake. Nikasogeza tochi kwenye gia ya pampu. Alama yenyewe, mstari mwembamba uliochongwa kiwandani, ilikuwa imekaa jino moja pembeni ya pale inapotakiwa. Na mahali pa alama palikuwa na kitu kingine: pengo dogo kwenye ukingo wa gia, lililochongwa na patasi ya fundi fulani zamani. Kwa jicho hazifanani hata kidogo. Nilikitia kidole pale, kisha kwenye mstari. Kwa kidole pengo lile ndilo lililohisika zaidi. "Riziki," nikasema, "Fundi haoni." Riziki akasema huna akili, juzi ameona meli inaingia bandarini kabla ya mtu yeyote. "Ya mbali anaiona," nikasema. "Ya karibu haoni."

Alitukuta pale pale. Alisimama, akatazama rejeta iliyolala chini, wala hakuuliza tumepewa ruhusa na nani. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwambia, "Fundi, nataka unioneshe kitu. Alama ya gia ya pampu ni ipi?" Akainama, akanyoosha mkono, kidole chake kirefu kikatembea kwenye ukingo wa gia, kikasimama kwenye pengo. "Hii." Niliielekeza tochi kwenye mstari, jino moja pembeni. Akakisogeza kidole taratibu, jino moja, akaugusa mstari, akarudi kwenye pengo, akarudi kwenye mstari. Akakaa chini juu ya sanduku la spana.

"Umejua lini?" akauliza.

"Leo, Fundi."

"Mie najua mwaka wa pili huu." Akatazama mikono yake, akainyoosha mbali na uso kama watu wanavyosoma gazeti. "Kwanza herufi zilinikimbia. Nkasema si kitu, mie si karani. Halafu nambari. Halafu alama. Nilimwona mwenzangu mmoja melini, macho yalimpungua, wakamteremsha bandari ya mwanzo. Na mie nje ya kazi hii sina ninalolijua, binti." Riziki alikuwa ameshika spana kubwa kwa mikono miwili. Fundi Makame akaweka mikono nyuma ya mgongo. "Fanya weye," akanambia. "Mie n'takaa hapa. Sitagusa wala sitasema."

Nikafanya. Mnyororo tuliufunga kwa waya kwenye gia mbili ili usiruke, tukaulegeza, tukautoa kwenye gia ya pampu. Riziki akazungusha injini kutafuta pistoni ya kwanza juu kabisa, mimi nikaileta gia ya pampu kwenye alama yake ya kweli, tukarudisha mnyororo, tukaukaza. Kisha tukafungua mdomo wa kwanza wa pampu, tukafunga pale kibomba kilichopindwa, mafuta yakawa yanatoka kama uzi. Riziki anazungusha, mimi natazama. Uzi ukakonda, ukawa matone, tone likafuata tone, halafu moja likaning'inia lisidondoke. Pale ndipo pampu inapoanza kusukuma. Nikatazama mstari kwenye gurudumu la injini: umekaa barabara mahali pake. Nilitaka kuruka. Wakati huo wafanyakazi wameshafika, wamekusanyika, na Bwana Ramadhani naye amekuja kuona kwa nini lori limefunguliwa bila ya amri yake. Tukafunga kila kitu, tukatoa hewa kwenye mabomba. Sudi akapanda, akapiga stata.

Injini ikazunguka, ikazunguka, haikuwaka. Ikatoa moshi mweupe, wingu moja, wingu jingine, mpaka karakana nzima haionekani na watu wanakimbilia nje wakikohoa. Mtu mmoja ndani ya moshi akapiga kelele, "Wasichana wametufukiza udi! Leo harusi ya nani?" Kicheko kikaenda mpaka bandarini. Bwana Ramadhani alitoka kwenye wingu lile na shati lake jeupe, anajipepea kwa kofia. "Basi," akasema. "Imetosha. Ghalani hamtangoja Jumatatu."

Hapo Fundi Makame akasimama. Sauti yake haikupanda, lakini watu walinyamaza kuisikiliza. "Bwana Ramadhani, mnyororo wa kwanza nliufunga mie. Hawa walinishikia tu. Alama skuiona, nliipapasa, nkakosea. Macho yangu ya karibu yameondoka. Jana ilinipasa kusema hapa mbele ya watu, nkaogopa, nkawaacha watoto hawa wabebe." Akanigeukia. "Na kosa la moshi huu, kila fundi wa dizeli hulifanya mara moja. Langu nililifanya melini, nkawafukiza abiria na mizigo yao." Bwana Ramadhani alivaa kofia yake, akaivua tena. "Makame," akasema, "macho hupelekwa hospitali. Hayafichwi karakana." Fundi Makame akasema, "Ningekwambia ungenirudisha nyumbani." Bwana Ramadhani akamtazama kama aliyetukanwa. "Nikurudishe nyumbani, halafu malori haya nimpe nani? Mke wangu?" Kisha akavuta kiti, akakaa, shati lina harufu ya dizeli. "Haya. Nionesheni kosa liko wapi."

Fundi Makame aliniita. "Naam, Fundi," nikaitika. Akanambia nitoe nozeli ya silinda ya kwanza, nizibe tundu lake kwa kidole, Riziki azungushe. "Pistoni hufika juu mara mbili," akasema. "Mara moja kubana hewa, mara nyingine kutoa moshi nje. Juu ni juu, alama haikwambii ni safari ipi. Weye umeikamata safari ya moshi. Alama zako zote sawa, tone lako sawa, lakini umechelewa mzunguko mzima. Sasa sikiliza kwa kidole." Riziki akazungusha. Mara ya kwanza hakuna kitu. Akaendelea, na ghafla hewa ikanisukuma kidole, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, mpaka kikaruka kwa sauti ya chupa inayozibuliwa. Nilipiga kelele kwa furaha, na watu wazima, mafundi wa miaka ishirini kazini, wakasogea kuona kama kwamba na wao ni mara yao ya kwanza. Pale, kwenye safari ya kubana, nikaiweka gia ya pampu upya. Mstari niliuona kwa macho yangu, Fundi Makame akaugusa kwa kidole chake, tukakubaliana. Tukalipima tone tena. Riziki alilipita kidogo akataka kurudisha, Fundi Makame akamwambia, "Usirudi kidogo. Rudi mbali, uje tena mbele, meno yana nafasi kati yao itakudanganya." Akarudi mbali, akaja mbele, tone likaning'inia. Sudi akapiga stata na lori likashika mara moja, likanguruma, likatulia, halina moshi, sauti yake laini kama mtu anayesaga mtama. Fundi Makame aliweka bisibisi kwenye bloku, mpini sikioni, macho amefumba. Hakutaja ugonjwa wowote.

Jumatatu hatukwenda ghalani. Bwana Ramadhani alituambia tupande lori lile pamoja na wachumaji, na kama litakataa kilima turudi kwa miguu tukamwambie. Wanawake walitupokea kwa mashaka, kisha walipojua sisi ndio mafundi wakatubana katikati yao juu ya magunia matupu, wakatupa halua na maswali: tunalipwa, tumeposwa, suruali haichomi? Walianza ule wimbo wao wa kumcheka Sudi, na Sudi akatoa kichwa nje kutukana kwa mapenzi. Tulipokaribia kilima wimbo ukafifia. Kila mtu akawa anasikiliza injini, hata waliokuwa hawajui injini ni nini. Nilimshika Riziki mkono. Lori likaanza kupanda. Nilisikia likishuka nguvu kidogo, kama mtu anayekaza msuli, kisha likashika na kuendelea, na minazi ikawa inapita, na udongo mwekundu unapita, na bibi mmoja mwenye meno matatu akasimama wima katikati ya lori akapiga kigelegele. Thelathini wakamfuata. Tulifika juu Sudi akipiga honi bila ya sababu, harufu ya karafuu inatujia kutoka mashambani, na Riziki, ambaye hakuwa na sauti ya kuimba hata kidogo, ndiye aliyeubadilisha wimbo. Sitauandika hapa. Ulimsifu Sudi kwa mambo ambayo mke wake asingependa kuyasikia.

Nimeishi miaka mingi baada ya hapo, na nimefanya kazi ile mpaka nikastaafu. Nimefurahi mara nyingine, nimezaa, nimeozesha. Lakini nikitafuta siku ambayo nilijua mimi ni nani, ni ile, juu ya magunia, mikono michafu, wanawake wanapiga vigelegele kwa sababu ya kitu nilichokifunga mimi. Riziki naye aliniambia juzi hivyo hivyo, tumekaa barazani kwangu tunakula mandazi. Alisema Tanga alifundisha shule miaka thelathini, na kila mwanafunzi alipokosea mbele ya wenzake alimwambia, "Kila fundi hulifanya hilo mara moja."

Fundi Makame alipelekwa hospitali wiki ile ile, na miwani ikachukua mwezi kufika. Siku aliyoivaa mara ya kwanza alisimama katikati ya karakana, akageuka pole pole, akatazama kuta, meza, sakafu, spana zetu tulizojivunia kuzifuta. "Ebo!" akasema. "Kumbe mahali hapa pachafu hivi!" Tukasafisha siku tatu, Bwana Ramadhani naye kashika ufagio. Kisha akanitazama mimi, kwa karibu, kwa muda mrefu, mpaka nikaona haya. "Na weye," akasema, "bado mtoto mdogo! Nlidhani mtu mzima."

Kabla ya mwaka kwisha lilikuja lori jingine, injini aina nyingine, mnyororo umekatika kabisa. Alitupa mimi na Riziki peke yetu, akaenda zake kwenye kazi nyingine upande wa pili wa karakana. Tulimaliza adhuhuri. Nikamwita, kama ilivyokuwa ada, aje aangalie alama kabla sijarudisha kifuniko. Alikuja akifuta mikono, miwani ipo usoni, mwanga mzuri unaingia mlangoni, gia zote tatu ziko wazi mbele yake. Alinitazama mimi, hakuzitazama gia. Akaivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati.

"Funga," akasema. "Mwambie Sudi alete betri."

Nikafunga.